Rubavu na wanaotajirika kwa maafa

Jumatano ya tarehe 29 Januari 2025, Waromania karibu 300 walivuka mpaka kutoka Goma na kuingia Gisenyi, mji wa ziwani ulio makao ya Wilaya ya Rubavu. Walipekuliwa, wakapandishwa mabasi, wakapelekwa Kigali na kurudishwa kwao kwa ndege. Siku mbili kabla, Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa M23, kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linasaidiwa na jeshi la Rwanda, tuhuma ambayo Kigali imeikana. Katika mapigano hayo makombora yaliyorushwa kutoka upande wa Kongo yaliangukia Rubavu. Raia waliuawa, wengine wengi wakajeruhiwa, nyumba zikatobolewa kuta na mapaa.

Waromania wale walikuwa wameajiriwa kusaidia kuilinda Goma. Mikataba iliyoonwa na waandishi wa BBC ilionyesha kwamba mpiganaji mzoefu kati yao alilipwa dola 5,000 kwa mwezi. Askari wa kawaida wa Kongo hupata kama dola 100, na mara nyingine hapati kitu. Mji waliolipwa kuulinda ulianguka, wao wakapata njia ya kurudi nyumbani. Mkazi wa Rubavu aliyekuwa akifagia vifusi sebuleni kwake alikuwa na haki ya kuuliza kandarasi ile ya kivita ilikuwa na thamani gani, nani aliisaini, nani alikula katikati, na ni mahakama ipi yenye uwezo wa kumuuliza.

Maswali hayo si mapya hapa. Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru, na Gisenyi imewaona kunguru hao kwa zaidi ya miaka 30. Kuna anayeuza silaha, anayeuza chakula cha msaada, anayejenga ukuta kwa nondo nusu na kulipwa nzima. Wengi wao hawajawahi kusimama kizimbani. Sababu zinajirudia mno kiasi kwamba mtu hawezi kuziita bahati mbaya: wanaponea kwenye mpaka, na wanaponea kwenye muda.

Mwaka 1994 unatosha kuonyesha njia zote mbili.

Mwezi Aprili mwaka ule, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa yamepamba moto, wafanyabiashara walikutana katika Hoteli Meridien ya Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka ya mahakama ya kimataifa, hapo ndipo ulipozaliwa mfuko ulioitwa wa ulinzi wa taifa, wa kuchanga fedha za kununulia silaha na kuwawezesha wauaji, na mwenyekiti wake alikuwa tajiri Félicien Kabuga. Kabuga alishtakiwa tangu miaka ya 1990. Alikamatwa karibu na Paris tarehe 16 Mei 2020. Kesi ilianza The Hague mwishoni mwa Septemba 2022, na mwaka uliofuata majaji wakaisimamisha kwa kuwa mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa kusahau na hakuweza tena kuifuata. Tuhuma za mfuko wa Gisenyi hazikupata hukumu, si ya hatia wala ya kumsafisha. Muda ulifanya kazi ambayo wakili hakuhitaji kuifanya.

Silaha zenyewe ziliingia kwa njia ya Goma, uwanja wa ndege ulio kilomita chache tu kutoka hapa. Kampuni moja iliyosajiliwa katika Kisiwa cha Man, Mil-Tec, iliwauzia waliokuwa wakitawala Rwanda risasi, mabomu ya mkono na makombora yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 5 kati ya Aprili na Julai 1994. Baraza la Usalama lilikuwa limeweka vikwazo vya silaha tarehe 17 Mei kwa azimio namba 918, lakini mizigo iliendelea kutua. Mambo hayo hayakugunduliwa na mpelelezi wala mkaguzi. Novemba 1996, kambi ya wakimbizi ya Mugunga, karibu na Goma, ilipovunjwa, waandishi wa habari walikuta ndani ya basi lililotelekezwa makaratasi ya jeshi lililoshindwa, na humo mlikuwa na ankara za Mil-Tec: aina ya silaha, idadi, bei, tarehe za ndege, na deni ambalo lilikuwa bado halijalipwa.

Ushahidi ulikuwa mezani, ukiwa na nembo ya kampuni. Serikali ya Uingereza iliunda kamati, na Januari 1997 kamati ikaeleza kilichotokea. Amri ya kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa ilikuwa imetolewa kwa Uingereza yenyewe, lakini haikuwa imepanuliwa kukihusisha Kisiwa cha Man. Pengo lilizibwa Desemba 1996, zaidi ya miaka miwili baada ya maiti kuzikwa. Hakuna aliyeshtakiwa. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila hasira, maana mwanasheria mmoja makini, na karatasi moja iliyosainiwa mapema, vingetosha kuwafikisha watu wale mahakamani.

Mzigo mwingine ulitoka Shelisheli. Juni 1994, Kanali Théoneste Bagosora wa Wizara ya Ulinzi ya Rwanda, akisaidiwa na dalali wa Afrika Kusini, alinunua silaha ambazo serikali ya visiwa hivyo ilikuwa imezikamata melini mwaka uliotangulia. Karatasi ziliandikwa kwamba mnunuzi ni Zaire. Ndege zilitua Goma, silaha zikavushwa hadi Gisenyi. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliufuata mnyororo huo hadi kwenye malipo ya zaidi ya dola milioni 1.3 yaliyopita benki za Ulaya. Mwaka 2017, miaka 23 baadaye, mashirika matatu yalipeleka malalamiko Paris dhidi ya benki ya BNP yakidai kwamba ilisaidia uhalifu kwa kuruhusu malipo hayo. Bagosora alihukumiwa kwa mauaji ya kimbari na akafa Mali mwaka 2021 akiwa bado anatumikia kifungo. Waliofaidika na uuzaji ule hawakumfuata huko.

Kisha ikaja biashara ya wakimbizi. Katikati ya Julai 1994 watu wapatao milioni moja walimiminika kutoka Rwanda kwenda Goma kwa siku chache, wengi wao wakipita barabara za Gisenyi. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Dunia ikaleta unga, maharage, mafuta na mahema, na ugawaji ukaachwa mikononi mwa viongozi walewale waliosimamia mauaji. Wakapandisha idadi ya watu, wakachukua chakula cha majina hewa, wakauza ziada na kuwatoza wakimbizi kodi. Novemba mwaka ule tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Ni uamuzi mgumu kwa daktari, na ulifanywa na daktari kwa sababu hakukuwa na polisi wa kuufanya.

Marekani iliujua uovu huu zamani, na kwa njia chungu. Katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, makandarasi waliliuzia jeshi la Lincoln farasi wagonjwa, viatu vya kuachana njiani na sare zilizochanika zikilowa mvua. Machi 1863 Lincoln alisaini sheria ya madai ya uongo. Ilimpa raia yeyote haki ya kumshtaki anayeiibia serikali na kupata sehemu ya fedha zitakazorudi. Sheria hiyo ipo hadi leo, na aliyeiba hulipishwa mara tatu ya hasara.

Hata hivyo nayo ilijikwaa Iraki. Kampuni ya Custer Battles ilipata kandarasi Baghdad baada ya uvamizi wa 2003 na ikatuhumiwa kubuni ankara. Machi 2006 baraza la wazee wa mahakama liliitaka ilipe karibu dola milioni 10. Miezi michache baadaye jaji aliifuta sehemu kubwa ya uamuzi huo, akisema haikuthibitishwa kwamba madai ya kampuni yalipelekwa kwa serikali ya Marekani; kampuni ilikuwa ikilipwa na mamlaka ya muda iliyokuwa ikiitawala Iraki. Mahakama ya rufaa ilikuja kuufufua kwa sehemu mwaka 2009. Seneta Patrick Leahy alikuwa ameliona pengo hilo. Muswada wake ulitaka kunufaika kwa udanganyifu wakati wa vita na ujenzi mpya liwe kosa la jinai linalosimama peke yake, kifungo kikifika miaka 20, na mahakama za Marekani ziweze kulisikiliza hata likifanyika ng'ambo. Oktoba 2007 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada pacha wa huo kwa kura 375 dhidi ya 3. Ulifia Seneti.

Kwa nini liwe kosa la peke yake, na wizi ni wizi? Jibu lipo kwenye eneo la ujenzi, na mtu akitaka kulielewa ashuke hadi kwenye nguzo moja ya nyumba.

Nguzo ya zege huhitaji nondo za unene uliopangwa na mhandisi, zilizofungwa kwa ringi kila baada ya sentimita kadhaa. Mchanganyiko wa kawaida ni moja kwa mbili kwa nne: saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Zege likishamwagwa lazima limwagiliwe maji kwa siku kadhaa, na vipande vya sampuli vikapimwe maabara siku ya 7 na ya 28. Mwizi haibi nguzo nzima. Anaweka nondo za milimita 10 mahali pa 12. Anaachanisha ringi. Anageuza mchanganyiko kuwa moja kwa tatu kwa sita, na mifuko inayobaki inatoka usiku kwa pikipiki. Anapeleka maabara sampuli zilizotengenezwa pembeni kwa uangalifu. Msimamizi anasaini hati ya malipo, kwa kuwa nguzo ikishapigwa lipu na kupakwa rangi haina tofauti na ya jirani.

Wakati wa amani na utulivu, mkaguzi huweza kuja mara tatu. Baada ya maafa kila mtu ana haraka. Waziri ametaja tarehe ya kukabidhi nyumba, familia ziko kwenye mahema, mvua inakaribia, zabuni imetolewa kwa mkandarasi mmoja bila ushindani kwa sababu ya dharura. Hapo ndipo bei inapopanda na ukaguzi kushuka kwa wakati mmoja. Na hapa Rubavu ardhi yenyewe haisamehi. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa yalizipasua nyumba na majengo ya mji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Mto Sebeya ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 katika mikoa iliyokumbwa. Aliyeiba ringi hapa ameweka tarehe ya kifo cha mtu asiyemjua.

Baada ya mafuriko yale, baraza la wilaya lilimwondoa meya, Ildephonse Kambogo, katika muda wa siku chache, kwa kutotimiza wajibu wake kwa wahanga. Wengi waliuona uamuzi huo kuwa wa haraka na wa kishindo. Lakini kumfukuza kiongozi kazi ni uwajibikaji wa kisiasa, na mkandarasi hana kiti cha kufukuzwa. Mji huu una kumbukumbu nyingine inayofundisha hivyo hivyo: soko jipya la Gisenyi, jengo lililosimama bila kumalizika kwa zaidi ya mwongo mmoja huku akina mama wakiuza viazi na samaki kwenye vibanda. Sakata la kuliuza kwa mwekezaji lilichangia baraza la wilaya kuvunjwa na serikali mwaka 2015, na maafisa wakakamatwa. Jengo lenyewe liliendelea kuota nyasi.

Kwenye vitabu, Rwanda iko mbele ya majirani wengi. Sheria namba 54 ya mwaka 2018 ya kupambana na rushwa inampa mfujaji wa mali kifungo cha miaka 7 hadi 10 na faini ya mara tatu hadi tano ya thamani alichochukua. Jambo kubwa zaidi ndani yake ni kwamba makosa ya rushwa hayana ukomo wa muda wa kushtakiwa. Mla rushwa wa leo anaweza kukamatwa akiwa babu. Kuna pia sheria ya 2017 ya kuwalinda watoa taarifa, na tangu katikati ya mwongo uliopita zabuni za serikali zimehamia kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Umucyo. Mwaka 2023, nyumba za mtaa wa Urukumbuzi huko Kinyinya, Kigali, zilipoanza kubomoka zikiwa na watu ndani, mjenzi na waliokuwa viongozi wa wilaya walikamatwa.

Kinachokosekana ni vita yenyewe kutajwa. Sheria inamtazama aliyeiba saruji ya shule na aliyeiba saruji ya nyumba za wahanga wa makombora kwa jicho moja. Wala haijibu swali la Mil-Tec na la mamluki: itakuwaje mkataba ukisainiwa mji mmoja, fedha zikapita mji wa pili, na kifo kikatokea mji wa tatu?

Ng'ambo ya mpaka, Kongo imejaribu njia ya mahakama, na majaribio yake yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko yanavyotazamwa. Mwaka 2020 Vital Kamerhe, mkuu wa ofisi ya Rais Tshisekedi, alihukumiwa miaka 20 pamoja na mfanyabiashara wa Kilebanoni, Samih Jammal, kwa ufujaji wa takribani dola milioni 50 katika kandarasi ya nyumba za kuunganishwa, zikiwemo za askari na polisi. Jaji aliyeanza kuisikiliza, Raphaël Yanyi, alifariki Mei mwaka huo kesi ikiendelea, na uchunguzi wa maiti ukataja majeraha ya kichwa. Rufaa ilipunguza kifungo hadi miaka 13. Juni 2022 Kamerhe akaachiwa huru kabisa, na baadaye akarudi serikalini na kuwa Spika wa Bunge.

Kesi ya pili inauma zaidi. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa maafa ya vita vya 1998 hadi 2003: milioni 225 kwa watu waliouawa na kudhurika, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Mfuko uitwao FRIVAO uliundwa ili kuwafikishia wahanga, wakiwemo wa Kisangani, mji uliopigwa mabomu na majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo Juni 2000. Tarehe 2 Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kuelekeza dola milioni 19 za fidia kwenye mkandarasi wa gereza lililopangwa kujengwa Kisangani. Mwenyewe alikana, akasema ni njama za kisiasa. Mama aliyepoteza mguu Kisangani amengoja robo karne. Fedha zilipofika, mkandarasi alikuwa mbele yake kwenye foleni.

Ukali peke yake nao una historia yake, na Waswahili wa Tanzania wanaikumbuka. Baada ya Vita vya Kagera nchi ilikauka. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na vitenge vilipatikana kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliwatangazia vita walanguzi na wahujumu uchumi, na umma ukamshangilia kwa dhati. Bunge likapitisha sheria maalumu yenye baraza lake la kuhukumu, isiyo na dhamana wala mawakili, iliyohalalisha hata ukamataji uliofanyika kabla haijatungwa. Muda si mrefu ilionekana kwamba mwenye duka la sabuni anakamatika kwa urahisi kuliko mwenye mtandao. Mwaka 1984 ikaja sheria nyingine iliyorudisha makosa hayo Mahakama Kuu. Sokoine alikuwa na haki ya kukasirika. Sheria yake ilikosa subira ya ushahidi, na bila ushahidi mlanguzi mkubwa ndiye wa kwanza kutoka.

Rwanda ilikaribia kosa hilo Machi 2020, korona ilipoingia na wafanyabiashara wa rejareja wakatozwa faini kwa kupandisha bei ya mchele na maharage. Faini zilikuwa halali na wananchi walizifurahia. Lakini ulanguzi wa dukani unaonekana kwa macho. Ule wa kandarasi unahitaji mtu anayejua kusoma hati ya vipimo vya kazi na taarifa ya benki.

Sheria inayofaa mji kama Rubavu basi haihitaji kuwa ndefu. Iseme kwamba udanganyifu katika kandarasi ya vita, ya msaada au ya ujenzi baada ya maafa ni kosa zito kuliko wizi wa kawaida, hata kama fedha zinatoka kwa mfadhili wa nje. Imfuate raia na kampuni popote mkataba uliposainiwa. Iwabane dalali na benki, si msimamizi aliyesaini tu. Faida yote irudi, kwanza kwa aliyebomolewa nyumba. Uholanzi imeonyesha kwamba inawezekana: mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilimhukumu mfanyabiashara wa mbao Guus Kouwenhoven miaka 19 kwa kusaidia uhalifu wa kivita Liberia na kupitisha silaha. Imeonyesha pia kinachobaki, kwa kuwa wakati wa hukumu alikuwa Afrika Kusini, na mahakama za huko zilikataa kumkabidhi.

Ndiyo maana makubaliano kati ya Kigali na Kinshasa yana uzito kuliko kifungu chochote. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili walisaini Washington mkataba wa amani unaoahidi pia ushirikiano wa kiuchumi. Fedha za amani hiyo zikija zitapita hapa: barabara, umeme, nyumba, maghala, pande zote mbili za mpaka huu. Zitakuja kwa haraka na kwa lugha ya dharura. Waendesha mashtaka wa Rubavu na Goma wanahitaji njia ya kupeana hati na watuhumiwa kabla mkataba wa kwanza wa ujenzi haujasainiwa, na kila hati ya kupokelea saruji, nondo na unga inahitaji kuwekwa mahali pa kueleweka, mwananchi aweze kuiomba na kuisoma. Mara ya mwisho ankara zilisubiri miaka miwili ndani ya basi bovu la Mugunga.